Shofaji ya Motokari: Ginsi ya Kuitengeneza Sisi Wenyewe

Wengine watashangaa: shofaji ni ya nini katika inchi ya Afrika? Mutu wa Kindu ao wa Kalemie anaweza kuuliza vile, kwani kule watu wanatafuta upepo, hawatafuti moto. Lakini umuulize katekista wa milima ya Lubero, pahali vijiji vingi vinakaa juu ya metre 2,000, ao padri mwenye kutoka Butembo mbele ya jua kutoka, wakati ukungu umefunika njia. Hao watakuambia kama shofaji si kitu cha kujifurahisha. Inakausha kioo cha mbele kusudi mwenye kuendesha aone njia, na inamupa mugonjwa moto kidogo mupaka hospitali.

Mimi mwenyewe nilijifunza neno hili usiku mumoja wa mvua. Tulikuwa tunapeleka mama mumoja aliyezaa kijijini na kutoka damu nyingi, pamoja na mutoto wake wa saa chache tu. Kioo kikajaa ukungu. Nikasukuma kimukono cha shofaji mupaka mwisho wa alama nyekundu: upepo ulitoka, lakini baridi sawa maji ya kisima. Mutoto muchanga hana nguvu ya kujitia moto mwenyewe, na baridi inaweza kumuua mbio kupita homa. Katekista, mwenye akili kupita mimi, akavua koti lake, akamwambia mama amuweke mutoto juu ya kifua, ngozi kwa ngozi, na akawafunika wote wawili. Mimi nilikuwa napanguza kioo kwa kitambaa, mukono mumoja. Tulifika, na wote wawili walipona.

Kesho yake tulipeleka motokari kwa garaji moja. Wakasema radiatere ndogo ya ndani imekufa. Tukalipa franga nyingi, wakatia mupya. Juma lililofuata, baridi ile ile. Mwishoni tuliona ubaya wenyewe: kifungio kidogo cha chuma, si kikubwa kupita ukucha, kilikuwa kimeanguka. Ndiyo sababu ninaandika.

Kwanza tujue maji yanapita wapi. Mashini inapowaka inafanya moto mwingi usio na kazi. Maji yanazunguka ndani ya chuma chake, yanauchukua moto ule, yanaupeleka katika radiatere kubwa ya mbele, na upepo unayapoza. Lakini katika njia ya maji kuna bawabu mudogo, jina lake termosta. Maji yakiwa bado baridi, anafunga mulango kusudi mashini ipate moto mbio; yakifika karibu digri 80 ao 88, kufuatana na namna ya mashini, anafungua pole pole. Hana umeme. Ndani yake kuna nta yenye kuvimba kwa moto, na nta ile ndiyo inasukuma mulango.

Sehemu ndogo ya maji haya ya moto inapita kwa mipira miwili yenye kutoboa ukuta wa chuma kati ya mashini na wasafiri. Inaingia katika radiatere nyingine, ndogo, karibu na ukubwa wa kitabu cha Misa cha altare. Vantilatere inapeleka upepo juu yake, na upepo unatoka na moto. Shofaji ni hiyo tu. Ule ni moto ambao ungetupwa inje bure.

Na kimukono cha moto na baridi kinafanya nini? Kwa motokari nyingi za zamani, kama zile Land Cruiser zinazojulikana sana katika misioni zetu, kinavuta kable, ndiyo uzi wa chuma ndani ya ganda lake, na kable inafungua ao inafunga robine ya maji upande wa mashini. Kwa motokari zingine maji yanapita siku zote, na kable inageuza kibao cha ndani chenye kutuma upepo juu ya radiatere ndogo ao pembeni yake. Kwa zile za siku hizi, motere ndogo ya umeme inageuza kibao kile; hiyo ni kazi ya fundi mwenye vyombo vya umeme, nami siisemi hapa.

Basi, shofaji imekataa. Usifungue kitu bado. Mbele ya yote, mashini ikiwa baridi kabisa, tazama maji ya radiatere. Nasema baridi kabisa! Kule Lubero, kwa metre 2,000, maji ya sufuria yanachemuka kwa digri 93 tu, si kwa 100. Ndani ya radiatere yanaweza kupita 100 pasipo kuchemuka, kwa sababu kifuniko kinayakandamiza. Ukifungua kifuniko kwa ghafula, yanachemuka yote mara moja na kukurukia usoni. Na kifuniko chenye mupira uliokauka hakikandamizi tena. Kwa milima yetu motokari ya namna hii inachemuka mbele ya kufika juu, na watu wanalaumu radiatere.

Maji yakiwa machache, shofaji ndiyo inakosa kwanza, kwani mara nyingi radiatere yake inakaa juu. Kwa hiyo upepo wa baridi wa ghafula katikati ya safari ni kengele: simama, tazama kama maji yanavuja.

Maji yakitosha, washa mashini, sukuma kimukono kwa moto, ngojea robo saa, kisha zima na uguse ile mipira miwili kwa mukono. (Zima kwanza: mukanda na mapanga ya vantilatere havijui mukono wa padri na wa mutu mwingine.) Hapa mipira yenyewe inasema. Yote miwili ikiwa na moto, maji yanapita vema. Ubaya uko upande wa upepo, kwa kibao ao kwa kable yake. Mumoja moto na mumoja baridi: robine imefungwa ao radiatere ndogo imeziba. Yote miwili baridi, na mushale wa moto haupandi: mutafute bawabu wetu, termosta.

Na mara nyingi hautamukuta. Ni desturi mbaya ya shofere wengi kutoa termosta na kuitupa, wakisema: «Hivi mashini haitachemuka tena.» Katika bonde la moto watu hawaoni ubaya mbio. Lakini mlimani maji yanapoa siku zote, mashini haifiki kwa moto wake, inakunywa mazutu mengi, na vyuma vya ndani vinakulana mbele ya wakati. Shofaji nayo inapuliza baridi mupaka mwisho wa dunia. Mashini ikichemuka, utafute sababu yake: radiatere iliyoziba, mukanda uliolegea, kifuniko kilichochoka. Kumufukuza bawabu si kumukamata mwizi.

Kupima termosta ni kazi nyepesi ya laboratwari ya seminari. Tazama hesabu ya digri iliyoandikwa juu ya chuma chake. Uifunge kwa kamba, uiningʼinize ndani ya sufuria ya maji pasipo kugusa chini, utie termometre, na uwashe moto. Karibu na digri zile utaona mulango unaanza kufunguka. Kama maji yanachemuka na mulango haujasogea, imekufa. Kama uko wazi katika maji baridi, imekufa vilevile. Lakini angalia: termosta ya digri 88 inahitaji karibu digri 10 zaidi kusudi ifunguke yote, na sufuria ya Lubero haiwezi kufika pale. Usiihukumu juu ya neno hili. Ikianza kufunguka, inatosha. Na usichukue termometre ya homa ya dispansari: mwisho wake ni digri 42, itapasuka.

Sasa kable, ubaya wenye kupatikana mara nyingi. Mutu mumoja asukume kimukono ndani, mwingine atazame robine. Robine inageuka toka mwisho mupaka mwisho? Vema. Kimukono kinasogea na robine inakaa? Tazama ganda la kable. Ganda lazima lishikwe imara kwa kifungio karibu na robine. Kifungio kikipotea, ganda lote linasogea pamoja na uzi, na robine haisikii kitu. Kurudisha ni hivi: weka kimukono kwa baridi, funga robine kwa vidole mupaka mwisho, tia kitanzi cha uzi juu ya kijiti cha robine, kisha kaza ganda chini ya kifungio. Jaribu mara tatu. Kama kifungio hakipatikani, bati kidogo lililokunjwa na visi moja linafanya kazi ile. Letu linashika mupaka leo.

Kable ikiwa nzito, ni kutu. Tia mafuta mepesi katika ganda, matone machache, uache usiku muzima. Usivute robine kwa pensi: kwa motokari nyingi kijiti chake ni cha plastiki, na plastiki ya miaka 20 inavunjika sawa bisikuti. Robine ikivunjika ao ikivuja, na duka ni mbali, unganisha mipira miwili kwa kipande cha tiyo ya chuma cha ukubwa ule ule na kolie mbili. Shofaji itakufa, lakini motokari itatembea. Robine yenye kukwama wazi haina hatari kwa mashini. Ila ukishuka katika bonde la Semliki utajuta. Na neno moja la kando: mashini ikianza kuchemuka juu ya mulima, fungua shofaji yote na vantilatere yake. Utatoka jasho, lakini mashini itapoa kidogo.

Kama vantilatere yenyewe haizunguki, anza kwa fizibili. Kama inazunguka kwa mwendo mumoja tu, wa mbio, kipingamizi cha umeme kando yake kimeungua, nunua kingine.

Inabaki radiatere ndogo iliyoziba. Sisi wenyewe tunaiziba kwa maji ya mutoni yenye udongo. Toa mipira yote miwili, elekeza mumoja inje ya mashini, na upitishe maji safi kwa nguvu ndogo, kwanza upande huu, kisha upande ule, mupaka maji yatoke meupe. Usitie nguvu nyingi, itapasuka. Sakafu yenye kulowana upande wa ndani, pamoja na harufu ya utamu na mafuta mafuta juu ya kioo, ni alama kama imetoboka. Hapo ndipo unanunua mupya, si mbele.

Kwa kujaza, maji ya mvua yaliyochujwa, pamoja na dawa ya radiatere sawasawa kama kibuyu kinavyosema. Hatuna barafu ya kuogopa. Dawa ile ni juu ya kutu. Lakini ni sumu, na sumu yenyewe ni tamu: mutoto ao mbwa ataikunywa kwa furaha na kufa kwa mafigo. Kingia maji yote ya zamani katika bido, usiyaache juu ya majani pahali pa mbuzi, na bido ile usiipe mutu kwa kuchotea maji, hata ukiisafisha mara kumi.

Mwishoni ondoa upepo uliofungwa ndani, kwani pofu moja la upepo linatosha kusimamisha maji ya shofaji. Misioni zetu hazikosi muteremko: simamisha motokari mbele ikitazama juu, tia mawe nyuma ya magurudumu, weka kimukono kwa moto, na ukiwa umefungua kifuniko mashini ikiwa baridi, uiwashe pole pole. Mapofu yatapanda, ongeza maji kidogo kidogo. Yakikwisha, na mipira yote miwili ikianza kupata moto, funga kifuniko. Endesha kilometre kumi, uache ipoe usiku muzima, na asubuhi utazame maji tena.