Fundi wa kweli anaacha mafundi nyuma yake

Mu muji wa Goma, hakuna kartye yenye kukosa mutu wa kushona. Birere, Katindo, Majengo, Ndosho: utasikia mashini mbele ya kuona nguo. Wengi wanapenda ile ya miguu, juu haiombe umeme. Tena siku ya kukimbia, unafungua kichwa chake pale juu ya meza, unabeba, unaenda.

Goma inajua kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilitapika na lava ikakata muji katikati mpaka ziwa Kivu. Nyumba, maduka na atelye viliungua. Lakini ujuzi wenye fundi alikuwa nao mu mikono haukuungua.

Hospitali ya daktari Jo Lusi na muke wake Lyn, yenye leo inaitwa HEAL Africa, nayo iliungua siku zile, kisha ikajengwa tena. Wamama wengi walifika pale juu ya fistula, wakakaa muda murefu wakingojea operasyo. Katika kule kungojea, walifundishwa kushona. Mama alifika na maumivu na haya; alirudi kwao na kazi.

Kushona hakufundishwe kwa maneno tu. Mwanafunzi anaanza kukanyaga mashini bila uzi, mpaka miguu na mikono vipatane. Kisha anakata karatasi ya mufuko wa simenti, juu kikwembe cha mutu kikikatwa vibaya, mwenyewe atadai feza yake. Nyuma ya pale ndiyo mifuko, kola, mwisho libaya. Fundi mwenye roho ya kufundisha anafumua mushono, anasema: rudilia. Kuko wengine wanaficha namna ya kukata, wakiogopa mwanafunzi atafungua atelye ngambo ya barabara. Lakini mwenye kuficha, siku macho yatazeeka, atakosa hata mutu wa kumuingizia uzi mu sindano.

Ndugu muchimbaji wa Rubaya ao Walikale, jambo hili linakuhusu. Bei ya koltani haipangwe Masisi, inapangwa mbali. Mvua ikizidi, shimo linaweza kuanguka. Mwezi muzima unaweza kupita bila feza kushuka nyumbani. Lakini Septemba watoto watahitaji nguo ya masomo, nyeupe na bulu. Tarehe 8 Machi wamama watataka vikwembe vishonwe. Na Noeli itafika tu. Nyumba yenye kujua kushona inalinda feza yake na inaingiza ingine.

Basi siku shimo limetoa vizuri, mbele ya kununua simu ya pili, ulizia bei ya mashini. Lakini mashini peke yake ni chuma. Tafuta kwanza mwalimu: fundi wa kartye, ao kwa Don Bosco kule Ngangi, kwenye vijana wanajifunza kukata na kushona. Mupeleke muke wako kama anapenda, binti yako, ao kijana mwenye hataki tena kushuka mu shimo. Na akisha kujua, aombwe kitu kimoja tu: afundishe mwingine.