Uteuzi wa Meza Kuu katika Studio ya Kumasta Muziki: Hoja ya Ulinganishaji wa Haki

1.0 Utangulizi

Kumasta ni hatua ya mwisho ya utayarishaji wa muziki kabla ya kazi kunakiliwa na kusambazwa. Katika hatua hii fundi hupokea wimbo uliokwisha kuchanganywa, wenye njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia, kisha hurekebisha uwiano wa besi na sauti za juu pamoja na kiwango cha ukubwa wa sauti. Kosa la hatua za awali laweza kupunguzwa hapa, lakini kosa linalofanyika hapa huingia katika kila nakala. Meza kuu, ambayo ndiyo kiungo kati ya chanzo cha sauti, vifaa vya kuichakata na spika, inastahili basi kuteuliwa kwa vigezo bayana. Makala haya yanafafanua vigezo hivyo na kutetea hoja kwamba kigezo kikuu si ladha ambayo meza huongeza katika sauti, bali uwezo wake wa kumpa fundi ulinganisho wa haki.

2.0 Asili ya Meza ya Kumasta

Meza ya kumasta si meza ya kuchanganyia iliyopunguzwa ukubwa. Asili yake ni vyumba vya kuchongea santuri. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika hutumia sekunde 1.8 kukamilisha mzunguko mmoja, na sehemu yenye sauti kubwa huhitaji nafasi pana zaidi kati ya mifereji. Ili mashine ya kuchonga itenge nafasi hiyo mapema, utepe ulisomwa mara mbili: kwanza kwa kichwa cha kutangulia, kisha kwa kichwa kilichopeleka sauti kwenye sindano. Kwa kuwa kila badiliko la sauti liliathiri upana wa mfereji, njia hizo mbili zilipaswa kuchakatwa kwa namna ileile. Meza kama zile za Neumann, kampuni ya Ujerumani, zilijengwa kwa njia pacha na kwa swichi za hatua badala ya vidhibiti vinavyozunguka bila vituo.

Leo studio nyingi hazichongi santuri. Hata hivyo, misingi miwili ya enzi hiyo imebaki: njia zinazolingana na mipangilio inayoweza kurudiwa.

3.0 Vigezo vya Uteuzi

3.1 Ulinganishaji wa viwango

Sikio la binadamu huelekea kupendelea sauti iliyo kubwa kidogo, hata pale msikilizaji asipotambua kwamba tofauti anayoisikia ni ya ukubwa tu. Chukulia kwamba ikwalaiza imeongeza sauti za juu na, bila fundi kukusudia, kiwango kizima kimepanda kwa desibeli 1. Fundi anapolinganisha wimbo uliochakatwa na ule wa asili, uliochakatwa utaonekana bora. Viwango vikisawazishwa, huenda hukumu hiyo ikageuka. Kwa hiyo meza inapaswa kuwa na kidhibiti cha kusawazisha viwango kwa hatua ndogo, za nusu desibeli au chini yake, pamoja na swichi ya kurudi kwenye sauti ya asili papo hapo. Meza isiyo na uwezo huu humwacha fundi akihukumu ukubwa huku akiamini anahukumu ubora.

3.2 Usahihi na urudiaji

Potenshomita ya kawaida huweza kutofautiana kati ya kushoto na kulia, hasa inapokaribia mwisho wa mzunguko wake, na tofauti hiyo huhamisha sauti ya mwimbaji kutoka katikati. Swichi ya hatua yenye rezista zilizochaguliwa kwa usahihi hupunguza hitilafu hiyo hadi sehemu ndogo ya desibeli. Aidha, kila kituo chaweza kuandikwa katika kumbukumbu za kazi. Msanii akirudi baada ya wiki kadhaa kuomba badiliko katika wimbo mmoja wa albamu, mpangilio hurejeshwa kama ulivyokuwa.

3.3 Mpangilio wa vifaa

Vifaa vinne vya kuchakata vinaweza kufuatana kwa namna 24. Kompresa iliyotangulia ikwalaiza haitoi matokeo sawa na iliyoifuata. Meza inayobadilisha mfuatano kwa kitufe humwezesha fundi kusikia tofauti hiyo mara moja. Inayohitaji nyaya kuchomolewa humlazimisha kutegemea kumbukumbu ya sikio, ambayo hudumu kwa muda mfupi.

3.4 Nafasi ya volteji

Baadhi ya watengenezaji husisitiza volteji ya saketi. Kampuni ya SPL ya Ujerumani, kwa mfano, hutumia volti 120, ilhali saketi nyingi za aina hii hutumia takriban volti 30. Uwiano huo wa mara nne ni sawa na nafasi ya ziada ya desibeli 12. Hata hivyo, nafasi hiyo haitumiki kikamilifu iwapo kigeuzi cha kidijiti kinachofuata hufikia kikomo chake mapema. Sifa hii basi ipimwe pamoja na mnyororo mzima.

3.5 Matengenezo

Swichi na relei huchakaa. Kwa studio iliyo mbali na kiwanda, kama zilivyo za Afrika Mashariki, upatikanaji wa michoro ya saketi na kadi za akiba ni sehemu ya thamani ya meza.

4.0 Hitimisho

Studio inayochakata sauti yote ndani ya kompyuta haihitaji meza kamili. Kidhibiti sahihi cha spika chenye usawazishaji wa viwango huitosheleza. Inayotumia vifaa vya nje inaihitaji, lakini uteuzi uanze na swali moja: je, meza hii itamwonyesha fundi pale alipoharibu? Meza isiyoweza kulijibu swali hilo, hata ikiwa na sauti ya kuvutia, huficha makosa ambayo ilipaswa kuyafichua.