Cheti Mkononi, Cherehani Hakuna

Wazazi wenzangu, kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea waliokimbia vita vya Sudani. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule, leo analea wanawe. Wengi wamefunzwa ushonaji, useremala na umeme, wakapewa vyeti. Lakini mkimbizi haajiriwi pasipo kibali, na kibali ni kizito kupatikana. Afundishaye shule za kambini hulipwa posho, si mshahara, ilhali chaki ni ile ile.

Kijana Mturkana wa Lodwar hahitaji kibali. Yeye hukosa ujuzi: mafuta yalipogunduliwa bonde la Lokichar mwaka 2012, wenyeji wengi waliambulia ulinzi na vibarua.

Kwa fundi asiye na zana, madhehebu yetu ya Kishafii yana jawabu. Imamu Nawawi ameeleza kuwa fukara mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia vyombo vya kazi yake. Nasi twagawa hamsini hamsini mlangoni, kila Ramadhani, kwa watu wale wale! Kinamama kumi wa mtaa mmoja wakikusanya zaka zao, cherehani hupatikana. Na misikiti ya kuipokea ipo, Lodwar na Kakuma.