Mlima Ulioizaa Big Boy

Mashariki mwa mji wa Ogden, jimboni Utah, reli ya kampuni ya Union Pacific huanza kupanda milima ya Wasatch kuelekea Wyoming. Mtembea kwa miguu asingeujali mwinuko huo, kwani katika kila kilomita njia hupanda mita 11 na kitu tu. Kwa treni ya mizigo ni mzigo juu ya mzigo. Hadi mwaka 1941 treni nzito zilisimama Ogden zifungiwe injini za kusaidia, na kila injini ya ziada ilidai makaa yake, dereva wake na mchochea moto wake.

Kampuni ikawataka wahandisi wake, chini ya Otto Jabelmann, wabuni injini moja itakayopanda peke yake ikivuta tani 3,270. Kiwanda cha ALCO huko Schenectady, New York, kilijenga injini 25: 20 mwaka 1941 na 5 mwaka 1944. Fundi mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika kwa chaki "Big Boy" kwenye uso wa injini mojawapo, na jina likaganda.

Wengi wanaoisifu huanza na ukubwa: urefu wa mita 40, uzito wa tani 540 pamoja na tenda ya makaa na maji. Mimi huanza na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha kwamba ukubwa ule haukuwa wa kujionyesha.

Chukua treni, ongeza injini yenyewe, unapata tani 3,800 hivi. Katika mwinuko wa asilimia 1.14, mvutano wa dunia huirudisha nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa tani 43. Ongeza tani kadhaa za msuguano. Nguvu ya kuvuta ya Big Boy ni tani 61, yaani inatosha na kubaki kidogo. Lakini chuma juu ya chuma huteleza: gurudumu likilazimishwa kuvuta zaidi ya robo hivi ya uzito linaoubeba, huzunguka bure. Ili kuvuta tani 61, basi, lazima tani 245 zikalie magurudumu yanayosukumwa na pistoni. Kila ekseli ya Big Boy hubeba takriban tani 30. Gawanya mwenyewe: ekseli 8, magurudumu 16, kila moja likiwa na kimo cha mtu mzima.

Ekseli 8 zikipangwa kwenye fremu moja iliyonyooka, kona ya kwanza itaishinda injini. Kwa hiyo Big Boy ina fremu mbili zilizounganishwa kwa bawaba, kila moja na ekseli 4 na silinda zake mbili. Asili ya mpango huo ni Anatole Mallet, mhandisi wa Uswisi aliyeupatia hataza mwaka 1884. Fremu ya nyuma imeshikamana na boila, ile ya mbele inacheza chini yake. Kwenye kona magurudumu ya mbele huifuata reli, ilhali boila huendelea kunyooka na pua yake kuning'inia nje ya njia.

Mallet aliutumia mvuke mara mbili, kwanza katika silinda ndogo za nyuma, kisha katika kubwa za mbele. Makaa yaliokolewa, lakini injini ikikimbia mvuke ulikwama. Big Boy huzipa silinda zote nne mvuke mpya kutoka boila, wenye presha ya bar 20 hivi, na ndiyo maana ilisanifiwa kuweza kufika kilomita 130 kwa saa.

Kinachonivutia kuliko vyote ni moto. Ikifanya kazi kwa nguvu zote ilikula karibu tani 10 za makaa kwa saa. Hakuna binadamu wa kupiga beleshi kiasi hicho, hivyo parafujo kubwa iliyasukuma makaa kutoka kwenye tenda hadi tanuruni. Lakini nani huvuta hewa ya kuuwasha moto huo? Ni mvuke uliokwisha kazi. Ukitoka silindani hurushwa juu kupitia dohani, huburuta moshi, na nyuma yake hewa mpya hupenya makaa. Injini ikijikaza zaidi, moto wake hupulizwa zaidi, bila mtu kuamuru. Katika uhandisi sijaona wazo zuri kuliko hilo.

Mlio wa garimoshi ndio pumzi za mvuke huo, nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, gurudumu la Big Boy huzunguka mara moja kwa sekunde. Kwa kuwa seti zake mbili za magurudumu hazikufungwa pamoja, moja huitangulia nyingine kidogo: pumzi zikalingana, zikaachana, zikalingana tena.

Hata hivyo, chini ya asilimia 10 ya joto la makaa ilifika kwenye reli, na dizeli ikashinda. Treni ya mwisho ya mizigo ilivutwa na Big Boy Julai 1959. Zimesalia 8, na namba 4014 ilifufuliwa Mei 2019. Sasa inachoma mafuta.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mlima wake: kutoka bahari ya Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, kwenye reli ya upana wa mita moja. Jibu lilikuwa Garratt za daraja la 59, injini 34 zilizojengwa na Beyer Peacock mjini Manchester, boila ikining'inia kati ya seti mbili za magurudumu kama machela kati ya wachukuzi wawili. Zilipewa majina ya milima. Mojawapo, 5918 Mount Gelai, ipo katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Ukifika, usiishie kupiga picha mbele yake. Iname, utazame pale fremu ya boila inapokalia fremu ya magurudumu.