Moshi wa Jeti Unapogonga Ardhi

Ndege ya jeti inayotua wima hubebwa na gesi zinazosukumwa chini na injini yake. Ikiwa juu, gesi hizo hutawanyika bila madhara. Ikikaribia ardhi, hugonga uwanja, husambaa pande zote kwa kasi, na sehemu yake huirudia ndege yenyewe.

Athari ya kwanza ni kunyonywa. Gesi zinazosambaa hukokota hewa iliyo chini ya tumbo na mabawa. Shinikizo la hapo hupungua, na ndege huvutwa chini katika mita za mwisho. Jeti ya kutua wima iitwayo Harrier, yenye matundu manne ya kutolea gesi, hupata pia kinyume chake: mikondo inapokutana ardhini hububujika juu na kulisukuma tumbo. Toleo la AV-8B liliwekewa vibao na kizuizi chini ya tumbo ili kuunasa msukumo huo.

Tatizo ni kwamba gesi hizo ni za moto. Injini ikizimeza hupoteza nguvu. Kwa sababu hiyo P.1127, mtangulizi wa Harrier, ilipoinuliwa mara ya kwanza huko Dunsfold, Uingereza, Oktoba 1960, iliwekwa juu ya wavu uliofunika shimo ili gesi zipenye chini.

Kutua wima mahali kama Bujumbura kungeongeza ugumu. Uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye uko mita 787 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa yake huwa nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzi 15. Jeti ingekuwa na nguvu pungufu hata kabla ya kumeza moshi wake.

Ardhi nayo huumia. Lami hulainika na kung'oka. Katika zege, maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke na kubandua vipande, ambavyo vikirushwa vinaweza kuharibu injini. Ndiyo maana F-35B, jeti nyingine inayotua wima, hujengewa maeneo ya kutua ya zege linalostahimili joto kali.

Helikopta haichomi ardhi, lakini upepo wa pangaboi lake husambaa vivyo hivyo. Wakati wa kiangazi cha Bujumbura, kuanzia Juni, vumbi la udongo mkavu linaweza kumziba rubani macho sekunde chache kabla ya kugusa ardhi. Kinga yake ni rahisi: kumwagia uwanja maji, kuondoa mabati na maturubai yaliyolegea, na kuwaweka watu mbali.