Wakulima Wawili, Jina Moja: Kwa Nini Nambari ya Kitambulisho Ni Muhimu

Ukiita "Wafula!" katika soko la Kitale au stendi ya Bungoma, watageuka wengi. Kwa Wabukusu, mtoto hupewa jina la msimu aliozaliwa: Wafula na Nafula wakati wa mvua, Nekesa wakati wa mavuno, Simiyu wakati wa kiangazi. Kwetu ni fahari. Kwa kompyuta ni mtihani.

Tangu 2023, wakulima kote nchini wamesajiliwa kupitia machifu na wazee wa vijiji. Sajili hiyo ndiyo hutumika kumtumia mkulima ujumbe wa simu ili anunue mbolea ya ruzuku katika maghala ya NCPB. Mwezi wa Agosti 2023, bei ya mfuko wa kilo 50 ilishuka kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Ukikosa ujumbe huo Machi mvua inapoanza, unapanda bila mbolea au unalipa bei ya dukani.

Taarifa za aina hii huwekwa katika majedwali. Tuseme moja lina majina na simu, jingine lina mashamba na ekari. Lugha ya kompyuta iitwayo SQL huyaunganisha kwa amri ya JOIN. Amri hiyo haiulizi nani ni nani. Wakiwapo Wafula Simiyu wawili katika kila jedwali, na tukiunganisha kwa jina, tutapata mistari minne, na miwili ni ya uongo. Mwenye ekari moja ataandikiwa pia ekari tano za mwenzake.

Dawa ni kuunganisha pale tu panapopatikana mlingano mmoja. Kwanza, tumia nambari ya kitambulisho badala ya jina. Pili, hesabu kabla ya kuunganisha: GROUP BY pamoja na HAVING COUNT(*) = 1 hubakisha nambari zilizoonekana mara moja tu. Tatu, zilizojirudia ziwekwe kando zikaguliwe na afisa. Kuchukua mstari wa kwanza tu ni kubahatisha.

Kujirudia si lazima kuwe udanganyifu. Mkazi wa Kimilili aliyekodi shamba Kiminini ataonekana mara mbili katika jedwali la mashamba. Hapo ekari zake hujumlishwa kwanza, kisha jina huunganishwa mara moja.

Nawe mkazi una sehemu yako:

- Nenda na kitambulisho chenyewe. Usitaje nambari kwa kukumbuka.
- Toa nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako.
- Kama una shamba katika kaunti nyingine, sema.
- Ujumbe ukichelewa, usijisajili upya. Mwone chifu au afisa wa kilimo wa wadi arekebishe taarifa zilizopo.

Tarakimu moja ikikosewa, mbolea yako inaweza kuandikwa kwa jina la mwingine. Ikague kabla hujaondoka mezani.