Mtoto Hanunuliwi Pumwani



Katika vyumba vyetu vya Eastleigh mtoto wa miaka minne humwuliza mama yake, "Huyu mtoto mchanga ametoka wapi?" Na mama, aliyelelewa mashambani kwa heshima, hujibu upesi, "Tulimnunua Pumwani." Hospitali ya Pumwani i karibu, basi neno huaminika. Sisi nasi tuliwajibu wetu vivyo hivyo, tukadhani tumeponyoka.

Wazazi wetu hawakuhitaji kujibu, kwa kuwa nyanya alikuwapo. Kwa Wajaluo, wasichana walilala siwindhe, nyumba ya bibi mzee, wakafundishwa mambo ya maisha kidogo kidogo kwa hadithi na vitendawili. Pwani msichana alikuwa na somo wake. Mzazi aliona haya, na haya yake haikumdhuru mtoto, maana kazi ilifanywa na mwingine. Tulipopanda basi kuja Nairobi tuliibeba haya yetu, nyanya tukamwacha. Wakati wa likizo twampelekea wajukuu majuma machache, naye hudhani shule imekwisha kuwafundisha.

Mama mmoja alitujia akilia. Binti yake wa miaka mitano alikataa mara tatu kutumwa kwa jirani kuleta makaa. "Yule ni mbaya," alisema, na mama akamgombeza kwa kukosa adabu. Mtoto yule alijua jina la kila kiungo chake, jicho, goti, hata kisigino, ila mahali pale alipoguswa. Angesema nini? Jambo lilipojulikana, mwezi mzima ulikuwa umepita.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makosa ya ngono yaamuru kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake. Tena mahakama yaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba asema kweli. Lakini ushahidi hutaka maneno, na maneno hayo hufundishwa nyumbani, wakati wa kuoga.

Wengine watanung'unika kwamba twawafundisha watoto uchafu. Basi na waifungue Luka sura ya kwanza, tuisomayo kanisani mbele ya watoto wote: mimba ya Elisabeti imetajwa waziwazi, na mtoto aliruka tumboni. Hatujaona mtu akitoka nje kwa aibu.

Mtoto wa miaka mitatu atajiwe uume na uke kama atajiwavyo pua. Wa miaka mitano aambiwe kwamba mtoto hukua tumboni mwa mama, na kwamba mtu akimgusa na kumwambia "ni siri yetu", hiyo siyo siri ya kutunzwa. Akina baba, msiwaachie mama peke yao. Wavulana nao hudhuriwa. Na mtoto akisema neno zito, mwaminini kwanza. Simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Bibi mmoja wa Umoja wa Mama alitusimulia jinsi mjukuu wake alivyomwuliza alitoka wapi. Bibi akamwonyesha tumbo la mama yake. Mtoto akafikiri kidogo, akauliza kama mle ndani kulikuwa na giza. Bibi akasema ndiyo. Mtoto akaenda zake kucheza.